Dirisha la dawa liko mbali na mtaa wenye arosto

Familia ikishachoka na mtoto aliyetekwa na unga, yaani heroini, kitu cha kwanza kununuliwa mara nyingi ni kufuli. Mjomba anapigilia mbao dirishani, ndoo inawekwa kwenye kona ya chumba, uji unapitishwa mlangoni na mtu mwenye kifua kipana. Usiku wa pili na wa tatu majirani hawalali. Siku ya nane kijana anatoka amekonda, lakini macho yake ni meupe na anamaliza sahani ya ugali mwenyewe. Mama analia kwa furaha. Mtaani inasemwa kwamba fulani amepona.

Wanaofanya kazi na waraibu wanaiogopa siku hiyo ya nane kuliko zile saba zilizotangulia, na sababu yake iko kwenye namna heroini inavyokaa mwilini. Unga hushika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoshikwa na morfini ya hospitali. Ukiutumia kila siku, mwili hujipanga upya kuishi nao. Ukikosekana, saa nane hadi kumi na mbili tangu kete ya mwisho arosto inaanza: miayo isiyokwisha, kamasi, machozi, malaika kusimama mwili mzima, tumbo kukata, kuhara, mifupa kuuma kana kwamba inasagwa. Kilele ni siku ya pili na ya tatu. Ikifika wiki, makali yake yameshashuka. Kwa mtu mzima mwenye afya ya wastani anayepewa maji ya kutosha, arosto ya unga hutesa sana lakini ni nadra kuua.

Kinachoua huja baadaye. Zile siku saba zimeufanya mwili usahau kiasi cha unga ulichokuwa ukikihimili, huku tamaa ikiwa palepale. Kijana akirudi kijiweni na kutumia kipimo chake cha zamani, kipimo ambacho mwezi uliopita kilimtuliza tu, pumzi zinapungua, midomo inageuka rangi, na mara nyingi aliyekaa naye anadhani amelala. Hapo inahitajika naloksoni, dawa inayoung'oa unga kwenye vipokezi ndani ya dakika chache. Jiulize ni nyumba ngapi zenye mraibu zina kichupa chake.

Hospitalini zile siku saba zina jina la heshima zaidi: kuondoa sumu mwilini. Zinafanywa kwa vipimo, kwa dawa za kupunguza maumivu na kuhara, na kwa muuguzi asiyefoka. Hilo ni jema, na ni bora mara mia kuliko kufuli. Lakini mtu akitoka wodini bila kuunganishwa na tiba ya kila siku, anakutana na hatari ileile ya yule wa chumba cha mjomba. Wodi safi haimpi kinga atakaporudi kijiweni.

Pombe ni habari nyingine, na inafaa kusemwa kwa sababu watu huchanganya. Mnywaji mkubwa wa gongo au wa pombe kali ya dukani akikatishwa ghafla anaweza kufa kwa kule kukatishwa kwenyewe. Saa chache baada ya glasi ya mwisho mikono inatetemeka na jasho linamtoka. Ndani ya siku mbili anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona wadudu wasiokuwepo, moyo ukienda mbio. Kwa hiyo mwenye historia ya degedege au kuweweseka huwekwa wodini, anapewa diazepamu kwa mpangilio wa kupungua na vitamini B1 kwa sindano. Mwenye dalili nyepesi, aliye na mtu mwenye akili timamu nyumbani, anaweza kuhudumiwa kwa kwenda na kurudi kliniki kila siku kwa takriban wiki moja. Kwa hiyo lile shauri la "mfungieni tu atazoea", ambalo kwa unga ni ukatili, kwa pombe linaweza kuwa hukumu ya kifo. Na anayelitoa huwa ni mtu mwema kabisa.

Nirudi kwenye unga, maana huko ndiko nchi yetu, Tanzania, imefanya jambo la kujivunia, kisha ikaliacha nusu njia.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga mwilini; ilikuwa kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Mauritius, kule kisiwani, ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Nyuma ya kliniki hiyo walikuwepo madaktari wa akili wa Muhimbili, akiwemo Dk. Jessie Mbwambo, fedha za Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na Ukimwi, na asasi za mitaani zilizokuwa zikiwafuata mateja maskani kwao. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Kidongo Chekundu kule Unguja, na mikoa mingine: Mbeya, Dodoma, Mwanza, Tanga. Kenya ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi, kisha ikateremka pwani, Malindi na Mombasa, ambako unga ulikuwa umeshaota mizizi tangu miaka ya 1980.

Msukumo ulikuwa Ukimwi. Kuelekea miaka ya 2000 uliingia unga mweupe unaoyeyuka kwa urahisi kwenye maji, na waliokuwa wakivuta wakaanza kujidunga. Sindano moja ikazunguka watu wanne. Utafiti uliofanyika Temeke mwaka 2011 ulikuta virusi kwa takriban theluthi moja ya wanaojidunga, na kwa wanawake miongoni mwao takriban theluthi mbili. Makadirio ya kitaifa ya mwaka 2014 yalitaja wanaojidunga wapatao 30,000 Tanzania.

Tiba yenyewe haina maajabu. Mtu analetwa na mwelimishaji rika, mara nyingi teja wa zamani anayejua lugha ya kijiwe. Anapimwa mkojo, VVU, kifua kikuu, homa ya ini. Anaanzishiwa dozi ndogo, kwa kawaida isiyozidi miligramu 30, kisha inapandishwa taratibu, kwa kuwa methadoni hujirundika mwilini na wiki mbili za mwanzo zina hatari yake. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Anakunywa kikombe mbele ya mfamasia, anasukumia maji, anasema neno moja ili ionekane kwamba amemeza, anaondoka. Dawa inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Arosto haimpati, na kwa dozi iliyopangwa vizuri stimu nayo haipati. Kichwa kinabaki huru kufikiri jambo lingine, jambo ambalo kwa miaka kadhaa hakuwa na nafasi nalo.

Wanaobeza husema tumebadilisha unga kwa unga. Naelewa wanachokiona: mtu bado anategemea kikombe. Lakini mapitio makubwa yaliyochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2017, yaliyounganisha tafiti za nchi nyingi, yalikuta kwamba vifo miongoni mwa waliotoka kwenye tiba ya methadoni vilikuwa takriban mara tatu ya vile vya waliobaki ndani, na wiki nne za kwanza baada ya kutoka ndizo mbaya zaidi. Swali la "ataacha lini?", ambalo ndugu huanza kuuliza mwezi wa tatu, kumbe linaweza kumsukuma mtu kaburini. Nimelisikia likiulizwa kwa upendo mkubwa.

Hadi hapo sidhani kama nina ugomvi na wizara wala na wataalamu. Wanayajua hayo kuliko mimi. Ugomvi wangu ni na jiografia ya dirisha.

Methadoni hunywewa kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Dirisha mara nyingi liko hospitalini, na linafunguliwa kwa saa maalumu. Chukua mkazi wa Chamazi au Bunju. Nauli ya chini ya daladala iliyopangwa Dar es Salaam Desemba 2023 ilikuwa shilingi 600. Akibadilisha gari mara moja kwenda na mara moja kurudi, ni shilingi 2,400 kwa siku, shilingi 72,000 kwa mwezi, kwa nauli ya chini kabisa. Dawa ni bure, na ni kweli. Shilingi elfu sabini na mbili ndiyo bei ya kuifikia, na inadaiwa kwa mtu ambaye, kwa kawaida ya maisha aliyotoka, hana kazi wala ndugu anayemwamini kumshikisha hela mkononi. Wengine wanatembea kwa miguu tangu alfajiri. Wengine wanaruka siku.

Na hata mwenye nauli ana tatizo. Tuseme ametulia, amepata kibarua kwa fundi wa aluminiamu. Kazi inaanza saa moja na nusu asubuhi. Foleni ya dawa nayo ni ya asubuhi. Fundi atamvumilia wiki ya kwanza, labda na ya pili. Tiba inayosema inataka kumrudisha kwenye kazi inampangia ratiba ya mtu asiye na kazi, na akishafukuzwa tunamsema kwamba hawa hawatulii. Kwa Waislamu wa pwani kuna na Ramadhani: mfungaji anahitaji kikombe kabla ya alfajiri au baada ya magharibi, na dirisha la mchana halimfai. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, ndiyo, lakini jaribu kumweleza hivyo kijana ambaye funga ndiyo njia yake ya kwanza kuonekana binadamu tena nyumbani kwao.

Kinachoniuma ni kwamba njia ya kutoka hapa tunaijua, tumeshaipita wenyewe. Dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 zilikuwa za hospitali kubwa. Watu walisafiri, walipanga foleni, walijificha wasionekane. Leo zinatolewa zahanati ya kijijini, na aliyetulia anabeba za miezi mitatu, hata sita. Hakuna aliyesema tusubiri kila mgonjwa awe mkamilifu. Tuligundua kwamba umbali unaua, tukaupunguza.

Najua methadoni si kidonge cha kufubaza virusi. Dozi ya mtu mmoja aliyezoea inaweza kumuua asiyezoea, na mtoto akiikuta chupa mezani anaweza asiamke. Inaweza pia kuuzwa. Mfamasia anayekataa kumpa mtu chupa ya kuondoka nayo hana roho mbaya; anawaza jina lake kwenye jalada la polisi. Kwa hiyo sisemi wagaiwe kama karanga. Nasema kati ya kikombe cha kila siku hospitali ya rufaa na chupa ya mwezi mzima nyumbani kuna hatua nyingi: dozi mbili za Jumamosi na Jumapili kwa aliyetulia miezi sita, kijisanduku cha kufuli kama sharti, kipimo cha mkojo cha kushtukiza, na zaidi ya yote kikombe cha kila siku kinywewe kituo cha afya cha kata yake. Shirika la Afya Duniani limeiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005, na miongozo yake inaruhusu dozi za nyumbani kwa waliotulia.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1995 iliruhusu madaktari wa kawaida wa mitaani kuandika buprenofini, dawa ya ukoo uleule wa methadoni lakini yenye hatari ndogo ya kukatisha pumzi. Kufikia 1999 vifo vya kuzidisha heroini vilikuwa vimeshuka kwa karibu asilimia 80. Kulikuwa na uuzaji wa vichochoroni? Ulikuwepo, na kulikuwa na waliosaga vidonge wakajidunga. Wafaransa walipima, wakaona waliobaki hai ni wengi mno kuliko madhara hayo. Siku hizi buprenofini ipo hata ya sindano inayodumu mwezi mzima. Bei yake bado ni ya nchi tajiri, lakini hata bei za dawa za VVU ziliwahi kutisha.

Umbali una watu wake maalumu. Wanawake kwenye foleni za methadoni ni wachache sana, na hao waliopo hawakuwa na wepesi wowote. Mwanamke anayejidunga na kulala na wanaume kwa hela ana mtoto wa kumwachia mtu, ana mwanaume anayemchunga, na foleni yenyewe imejaa wanaume anaojuana nao kwa mabaya. Akipata mimba, wakunga wengi na hata ndugu humwambia aache kila kitu mara moja kwa ajili ya mtoto. Ushauri huo ni wa hatari: arosto kali wakati wa mimba inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Methadoni ndiyo inayopendekezwa kwa mjamzito, na mtoto akizaliwa na dalili za arosto anatibika. Jambo hilo lilipaswa kujulikana kila kliniki ya wajawazito. Likibaki siri ya jengo moja hospitali ya rufaa, halimsaidii aliyeko Tandika.

Kisha kuna kifua kikuu, ambacho mateja wanakipata sana kwa sababu ya mageto yao, njaa na VVU. Dawa kuu ya TB, rifampisini, hulifanya ini liunguze methadoni upesi. Mtu aliyetulia miaka miwili kwenye miligramu 80 anaanzishiwa dawa za TB, na baada ya siku kadhaa arosto inarudi usiku. Kama kliniki ya TB na dirisha la methadoni haziongei, anaonekana msumbufu anayeomba kuongezewa stimu. Efavirensi, iliyokuwa kwenye vidonge vingi vya VVU, ilikuwa na tabia hiyohiyo. Dolutegraviri iliyoipokea haina usumbufu huo. Hapa ndipo hospitali inaishinda soba hausi ya mtaani, ile nyumba ya kulala waraibu wanaojaribu kuacha: mafaili yanaweza kukutana. Yanaweza, nasema.

Soba hausi nisizionee. Nyingi zilianzishwa na waraibu waliopata nafuu, tena wakati ambapo hospitali zilikuwa hazitaki kuwaona, na zinampa mtu kitu ambacho kikombe hakikipi: ratiba, wenzake, mtu wa kumwamsha. Shida huanza pale baadhi yake zinapoiona methadoni kama udhaifu na kumtaka mtu aje akiwa mkavu. Kwa mtu wa unga, ukavu wa miezi minne bila dawa, ukifuatiwa na mlango wa kutokea, unatuletea tena lile tatizo la siku ya nane, safari hii kwa ada ya kila mwezi.

Upande mwingine wa serikali uko kazini, na kwa nguvu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyotokana na sheria ya mwaka 2015, ilitangaza Desemba 2023 kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika operesheni za mwezi huo. Ni mzigo wa kutisha, na afadhali umekamatwa. Lakini kila shehena kubwa inayokamatwa ina mwangwi wake mtaani. Unga unapoadimika, maelfu wanaingia arosto ndani ya wiki moja, wanachanganya chochote kinachopatikana, vidonge vya usingizi, tramadoli, pombe kali, na wengine ndipo kwa mara ya kwanza wanauliza methadoni iko wapi. Ningekuwa na uwezo, kila tangazo la kukamata shehena lingetanguliwa na simu kwenda kliniki: ongezeni watu dirishani, ongezeni naloksoni kwa waelimisha rika. Tanzania ina bahati kwamba mamlaka hiyohiyo inayokamata inahusika pia na uratibu wa tiba. Si kila nchi iko hivyo, na nafasi hiyo ingetumika.

Na fedha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, waliotikisika kwanza katika huduma za namna hii Afrika Mashariki walikuwa watu wa mtaani: waelimisha rika wanaolipwa posho, asasi zinazomsindikiza mtu kliniki siku yake ya kwanza. Dirisha linaweza kubaki wazi huku barabara ya kulifikia imefungwa, na kwenye takwimu za kliniki hutaona kitu kwa miezi kadhaa, kwa sababu asiyefika hahesabiwi. Mwelimishaji rika ni kada rahisi kuliko zote kulipa. Halmashauri zinalipa watu wa kukusanya ushuru wa maegesho.

Nikiwaambia watu kuhusu kikombe cha kata, wananijibu kwamba vituo vya afya havina uwezo wa kutunza dawa ya hatari namna hiyo. Methadoni haihitaji jokofu. Inahitaji kabati lenye kufuli, kipimo sahihi, daftari la kusainiwa na watu wawili, na mtu aliyefunzwa. Kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji tayari kina kabati la DDA, yaani la dawa zinazodhibitiwa kisheria, lenye pethidini ya maumivu ndani, daftari juu yake, na ufunguo mfukoni mwa muuguzi wa zamu. Pale Chamazi au Bunju, teja aliyetulia analipita kabati kama hilo kila asubuhi akienda kuwahi daladala.